Jembe katika Mila za Shinyanga na Geita: Kifaa, Mali na Ishara

Jembe (ngeli ya li-ya, wingi majembe) hufasiliwa na kamusi nyingi za Kiswahili kuwa kifaa chenye bapa la chuma na mpini, kinachotumika kulimia. Fasili hiyo ni sahihi, lakini haimtoshi mfasiri anayekutana na methali Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haimtoshi mwalimu anayeulizwa darasani kwa nini jembe limechorwa katika Nembo ya Taifa ya Tanzania. Haimtoshi pia mwanafunzi anayesoma kwamba katika nchi ya Wasukuma na majirani zao majembe yalitolewa wakati wa kuposa. Katika mifano yote hiyo jembe linabaki kuwa chuma na mpini, lakini linasema jambo ambalo chuma na mpini peke yake haviwezi kulisema.

Makala haya yanalifuata jembe katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Huko limekuwa kifaa cha kazi, likawa mali ya kubadilishana, na likawa ishara katika mila na sherehe. Lengo ni kumsaidia mtumiaji wa lugha atambue ni jembe lipi linalozungumzwa katika matini aliyo nayo, kwa kuwa kosa katika utambuzi huo huweza kuigeuza heshima kuwa dharau, na zawadi kuwa bei.

Asili ya neno na jamaa zake

Jembe ni neno la Kibantu. Katika Kisukuma jembe huitwa igembe, wingi magembe, na maumbo yanayofanana na hayo yapo katika lugha nyingi za jirani. Ndani ya Kiswahili chenyewe, shina -embe linajitokeza pia katika wembe, yaani bapa jembamba la kunyolea au kukatia, na katika kijembe, ambacho kwa maana ya awali ni kisu kidogo au wembe mdogo. Maneno hayo matatu yanashirikiana katika wazo la bapa lenye makali.

Kutokana na makali hayo, kijembe kimepata maana ya pili: neno la fumbo linalomchoma mtu bila kumtaja jina. Ndipo husemwa mtu amerusha vijembe au amepigwa kijembe. Mwanafunzi aangalie kwamba ukubwa na udogo hapa haubadilishi kiasi tu, bali hubadilisha uwanja wa maana. Jembe ni la shambani; kijembe, kwa matumizi ya leo, ni cha ulimini.

Ishara, taashira, alama na nembo

Kabla ya kuendelea, inafaa kutenganisha maneno manne ambayo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni sawa.

Alama ni mchoro, chapa au kovu linalotambulisha kitu: alama ya kuuliza, alama za barabarani, alama ya moto kwenye paja la ng'ombe. Alama humwambia mtazamaji hiki ni nini au ni cha nani.

Ishara ni kitu, tendo au hali inayoelekeza fikra kwenye jambo jingine. Mawingu mazito ni ishara ya mvua, na mkono ulioinuliwa huweza kuwa ishara ya kusimamisha gari. Katika mazungumzo ya mila, ishara ndilo neno pana na salama zaidi.

Taashira ni istilahi ya uhakiki wa fasihi. Hutumika kwa kitu ambacho mtunzi amekipa maana ya ndani katika kazi yake. Kusema kwamba jembe ni taashira ya unyonge wa mkulima katika riwaya fulani ni sahihi. Kusema kwamba bwana harusi alipeleka taashira kwa wakwe zake ni kuibebesha mila istilahi ya darasani.

Nembo ni ishara iliyochaguliwa rasmi na taifa, chama, shule au taasisi, na kuidhinishwa. Ishara huweza kuzaliwa polepole bila mtu kuiamua, lakini nembo huwa na waliokaa wakaiamua.

Kitu kimoja kinaweza kupita katika hatua hizo kadiri miaka inavyokwenda. Mfano ulio karibu ni siwa. Katika miji ya Waswahili ya Lamu na Pate, siwa ni baragumu kubwa, moja ya shaba na nyingine ya pembe ya ndovu, iliyopulizwa katika shughuli za heshima. Katika Bunge la Tanzania leo, siwa ni fimbo ya heshima inayobebwa mbele ya Spika, ambayo haipulizwi kamwe. Umbo na kazi vimebadilika, na kilichovuka ni ile maana ya mamlaka.

Kifaa kinapotazamwa kwa jicho la matumizi tu, madhara huweza kuwa makubwa. Mfano wa Afrika Magharibi unajulikana sana. Waasante wa Ghana wana Kiti cha Dhahabu ambacho hakikaliwi na mtu yeyote, hata mfalme, kwa kuwa kwao ndicho kinachohifadhi roho ya taifa. Mwaka 1900 gavana wa Uingereza, Frederick Hodgson, alifika Kumasi akadai aletewe kiti hicho akikalie. Yeye aliona kiti, wenyeji walisikia tusi kwa taifa zima, na vita vilivyofuata viliongozwa na Yaa Asantewaa. Neno kiti halikuwa na utata wowote katika kamusi. Utata ulikuwa katika kutojua kwamba kuna viti visivyokaliwa. Kwa jembe pia, swali la kwanza la mfasiri liwe hilohilo: je, jembe hili ni la kulimia, la kumiliki, au la kusema jambo?

Chuma cha Walongo

Leo jina la Geita humfanya msikilizaji afikirie dhahabu. Zamani kabla ya migodi, eneo hilo na nchi ya Uzinza inayolizunguka lilisifika kwa chuma. Wahunzi walioitwa Walongo, au Warongo, waliyeyusha mawe yenye chuma katika matanuri ya udongo, kwa moto wa makaa uliochochewa kwa mivukuto, kisha wakafua majembe. Majembe ya magharibi ya Tanzania yalisafirishwa mbali, yakauzwa hadi katika soko la Tabora, na katika karne ya 19 yalitumika kama kipimo cha thamani. Mtu aliweza kununua mbuzi, nafaka au chumvi kwa majembe. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na majembe kumi nyumbani huenda hakuwa na mashamba kumi. Alikuwa na akiba.

Kuyeyusha chuma hakukuhesabiwa kuwa ufundi mtupu. Katika jamii nyingi za Afrika, wakiwamo Walongo, tanuri lilifananishwa na mwili wa mwanamke, na chuma kinachotoka humo kilifananishwa na mtoto anayezaliwa. Kwa hiyo kazi hiyo iliandamana na dawa, tambiko na miiko kuhusu unyumba. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyefanya kazi na wahunzi wazee wa Buhaya na wa Walongo, ameeleza kwa kirefu jinsi ufundi na ishara zilivyokuwa kitu kimoja katika matanuri hayo. Jembe lilikuwa na maana ya uzazi tangu lilipokuwa bado jiwe, kabla halijafika mkononi mwa mkulima.

Mamlaka nayo ilitafuta heshima katika chuma. Katika ufalme wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Geita, hazina ya mfalme ilikuwa na vifaa vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi, vikiwamo fuawe zenye umbo la nyundo na sanamu za ng'ombe. Fuawe hizo hazikufulia kitu. Zilionyesha kwamba mfalme naye, kwa maana ya ndani, ni mhunzi wa nchi.

Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalipoingia wakati wa ukoloni, yalikuwa rahisi kupatikana, na matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Hapo jembe likapoteza kazi yake ya kuwa fedha. Kazi yake ya kuwa ishara haikupotea, ila sasa ilihitaji maneno ya kuieleza.

"Ya tatu mpe jembe"

Methali ya mgeni ni mahali pazuri pa kuona jinsi maana ya ishara inavyoponyoka. Katika tafsiri nyingi za haraka, methali hii huelezwa kama onyo kwa mgeni mvivu: ukarimu una kikomo, na siku ya tatu mgeni afanyishwe kazi ili aondoke. Maana hiyo ipo, na wapo wanaoitumia hivyo kwa utani au kwa ukali.

Lakini katika jamii ya wakulima jembe halipewi mtu wa kupita. Anayepewa jembe anaonyeshwa shamba, na anayelima shamba anapata haki ya kula mazao yake bila kuhesabiwa matonge. Mgeni hukaa kando akaandaliwa, na mwenyeji huamka alfajiri akatoka na wenzake. Kwa hiyo kumpa mtu jembe siku ya tatu ni kumwondolea ugeni. Julius Nyerere aliitumia methali hii katika andiko lake la 1962 kuhusu Ujamaa kama msingi wa usoshalisti wa Afrika, akionyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Kwa maelezo yake, mgeni mwenyewe alielekea kuliomba jembe kabla hajapewa, kwa kuwa aliona aibu kukaa bila kazi.

Mfasiri anapaswa kuamua kutokana na muktadha. Iwapo msemaji anamsuta mtu, methali ni kijembe. Iwapo msemaji anamkaribisha mkwe, mhamiaji au mfanyakazi mpya, methali ni mlango unaofunguliwa. Katika Shinyanga na Geita, ambako watu wengi wamehamia kutafuta ardhi, malisho na baadaye dhahabu, matumizi ya pili si ya kufikirika.

Jembe, ng'ombe na mahari

Wazo la kwamba jembe linapohama mkono, kazi nayo inahama nyumba, linaonekana wazi zaidi katika ndoa. Katika mila za Wasukuma, Wanyamwezi na majirani zao, majembe yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyotolewa na upande wa bwana harusi, pamoja na mbuzi na ng'ombe. Nyumba ya bibi harusi ilikuwa inapoteza mikono ya kulima, na jembe lilikiri upotevu huo. Mila kama hii haiko Usukuma peke yake. Rwanda nayo jembe limekuwa sehemu ya mali ya posa. Hata mbali na Afrika, vifaa vya kazi za nyumbani vimepewa sauti ya uchumba: huko Wales, tangu karne ya 17, kijana alichonga kijiko cha mti chenye nakshi akampa msichana aliyemtaka, na kijiko hicho kilitundikwa ukutani, hakikupakulia chakula.

Kadiri ng'ombe walivyoongezeka Usukuma na jembe la kufua lilivyotoweka, ng'ombe wakachukua nafasi ya kwanza, kisha fedha taslimu. Hapa ndipo lugha inapohitaji uangalifu mkubwa.

Kisukuma huita mali hiyo bukwi, na kitenzi chake ni kukwa. Kinyarwanda kina gukwa, na shina hilohilo la Kibantu linasikika katika Kiswahili mkwe na ukwe. Maneno hayo yanaitazama mali kutoka upande wa ujamaa: kinachotolewa ni kile kinachowafanya watu wawe wakwe. Kiswahili sanifu, hata hivyo, hutumia mahari, neno lenye asili ya Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Katika mila ya Kisukuma ng'ombe huenda kwa baba na ndugu wa bibi harusi, nao aghalabu hutumika tena kumwozesha kaka yake. Ndoa ikivunjika, familia huweza kudaiwa irudishe sehemu ya ng'ombe hao. Neno moja, mahari, linafunika taratibu mbili ambazo mwenye mali si yuleyule. Mfasiri wa hati ya mahakama au ripoti ya utafiti asipolibainisha hilo, msomaji wa Mombasa na msomaji wa Kahama watasoma sentensi moja na kuelewa mambo mawili.

Vitenzi navyo vina uzito. Linganisha:

Kutoa mahari. Huweka mbele heshima na hiari. Ndicho kitenzi kinachofaa katika maelezo ya mila.

Kulipa mahari. Hutumika sana na si kosa, lakini hubeba wazo la deni. Hufaa pale ambapo kiasi kimekubaliwa na kinadaiwa.

Kudai na kurudisha mahari. Ni lugha ya mabaraza na mahakama, mgogoro unapotokea.

Kununua mke. Si tafsiri ya mila bali ni hukumu juu yake. Itumike pale tu ambapo msemaji mwenyewe amekusudia hukumu hiyo.

Hata hivyo, uangalifu wa maneno usigeuke kuwa pazia. Jembe moja au mawili hayakuweza kuitajirisha nyumba, lakini kundi la ng'ombe huweza. Ishara inapokua thamani kiasi hicho, huweza kummeza yule iliyokusudiwa kumheshimu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, wakati kiwango cha kitaifa kilikuwa asilimia 37. Wakati huo mkoa huo ulikuwa bado na eneo la Bukombe, ambalo tangu 2012 limo katika Mkoa wa Geita. Umaskini, ugumu wa kupata shule na mila hutajwa pamoja miongoni mwa sababu, na ng'ombe wa mahari wamo katika maelezo hayo.

Sheria imelishughulikia suala hili kwa pande mbili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatamka kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine ya sheria haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikufuatwa. Kwa maneno mengine, mbele ya sheria mahari si nguzo ya ndoa. Lakini sheria hiyohiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinavyohusu umri na ridhaa vinakinzana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo.

Katika habari za aina hii, mwandishi achague kwa makini kati ya kuolewa na kuozwa. Msichana ameolewa ni kauli ya kawaida ya kutendwa, na haisemi lolote kuhusu ridhaa yake. Msichana ameozwa, au ameozeshwa, humwonyesha mtu wa tatu aliyeamua. Mtoto wa miaka 14 aliyekabidhiwa kwa mume ili ng'ombe waingie zizini ameozwa. Kuandika kwamba ameolewa ni kumfuta aliyetenda.

Jembe katika ngoma: bugobogobo

Jembe la mila linaonekana hadharani zaidi katika ngoma ya bugobogobo. Wachezaji husimama safu kwa safu, kila mmoja na jembe lake, wakaliinua, wakalizungusha, wakalirusha juu na kulidaka, kisha wote wakapiga ardhi kwa mdundo mmoja. Mtazamaji wa mjini huona mchezo wa ustadi. Asili yake imo katika kazi za ushirika, ambapo vikundi vya wakulima vililima shamba la mmoja wao kwa zamu, ngoma zikipigwa pembeni ili mikono ishuke pamoja na uchovu usahaulike. Mtafiti Frank Gunderson amezikusanya na kuzieleza nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu chake cha 2010, na humo inaonekana jinsi ilivyo vigumu kutenga mahali kazi inapokoma na sherehe inapoanza.

Baada ya mavuno huja mashindano. Wasukuma wana makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu, ambayo jadi yao huyarudisha kwa waganga wawili waliokuwa washindani, Ngika na Gumha. Kila mwaka mwezi Juni au karibu na hapo, sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, hukutanisha makundi hayo mbele ya umati. Mahali hapo pana Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement. Majembe ya ngoma huko hupambwa na hutunzwa. Ni majembe kweli, na shambani yangelima, lakini siku hiyo yanalima hewa.

Kwa mfasiri, neno lenyewe ngoma lina mtego wake. Katika Kiswahili ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu. Kisukuma kina mbina kwa uchezaji. Sentensi Kijijini kuna ngoma kesho haimaanishi kwamba kuna chombo. Wala Ngoma ya majembe haimaanishi ngoma iliyotengenezwa kwa majembe. Kiunganishi -a hapa hutaja kile kinachoitambulisha ngoma hiyo.

Jembe na dhahabu katika Nembo ya Taifa

Katika ngao ya Nembo ya Taifa ya Tanzania, jembe na shoka vimepishana, na mkuki umesimama. Zana mbili za kwanza hueleza kazi ya wananchi katika kujenga nchi, na mkuki hueleza ulinzi wa uhuru. Sehemu ya juu ya ngao ina rangi ya dhahabu, inayowakilisha madini ya nchi, kama ilivyo michirizi ya manjano katika Bendera ya Taifa. Chini, miguuni pa mwanamume na mwanamke wanaoishika ngao, kuna karafuu na pamba. Msomaji wa Shinyanga na Geita hana haja ya kwenda mbali kuielewa nembo hii. Pamba ni zao la Usukuma, dhahabu ni ya Geita na Kahama, na jembe ni la kila nyumba. Chama cha Mapinduzi, kilichoundwa Februari 1977, nacho kiliweka jembe na nyundo katika bendera yake, zikiwa zana za mkulima na mfanyakazi.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Katika nchi iliyo juu ya dhahabu, kitu kilichobebeshwa maana katika posa, methali na ngoma ni chuma. Sababu yake ni rahisi kuiona. Jembe lilishikwa na kila mkono, wa mwanamume na wa mwanamke, wa mzee na wa kijana, na kila aliyeliona alijua jasho lake. Dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa wingi katika karne ya 20 na ya 21, na sehemu kubwa ikaondoka kabla haijawa pambo la mtu wa huko. Huko kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, kifaa kinachofanya kazi ya kila siku ni sululu. Siku moja huenda nayo ikapata ngoma yake. Kwa sasa, kijana anayetoka shambani kwenda duarani husemwa kuwa ameacha jembe, na kila msikilizaji anaelewa kwamba aliloacha si chuma na mpini tu, bali ni namna moja ya kuishi na watu wake.

Matumizi yanayofaa kukumbukwa

Kushika jembe: kuanza au kurudia kilimo; pia kuingia kazini kwa bidii. Baada ya kustaafu alishika jembe.

Kumpa mtu jembe: kumkabidhi zana, kumfanya mwenzi wa kazi, asiwe mgeni tena, kwa kejeli, kumkumbusha kwamba amekaa mno. Muktadha ndio unaoamua.

Kuacha jembe: kuacha kilimo, kuhamia kazi nyingine, hasa ya mjini au ya mgodini.

Mchagua jembe si mkulima: methali ya kumsuta anayetafuta visingizio kabla ya kazi. Mkulima hasa hulima na jembe alilo nalo.

Jembe la mkono na plau: katika Shinyanga, ambako kulima kwa maksai kumeenea, tofauti hii ni ya lazima. Jembe la kukokotwa na ng'ombe huitwa plau. Neno jembe peke yake huchukuliwa kuwa la mkono.

Yeye ni jembe: ni mchapakazi, ni hodari, ni mtu wa kutegemewa. Ni lugha ya mtaani na ya michezo iliyoenea Tanzania, isiyofaa katika maandishi rasmi. Upatanisho wake huyumba kati ya jembe letu limefunga bao na jembe letu amefunga bao. Umbo la kwanza hufuata ngeli ya neno, la pili hufuata utu wa anayetajwa.

Matumizi haya ya mwisho ni mapya, lakini hayakuanguka kutoka hewani. Anayemwita mwenzake jembe hamwiti chombo. Anasema kwamba huyu ndiye ambaye kazi yake inaifaa nyumba nzima, na hiyo ndiyo maana ambayo majembe ya posa, ya mgeni na ya ngoma yamekuwa yakiibeba tangu zamani.